Kobe Kwanza, Ishara Baadaye

UKUMBI WA FASIHI: MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi riwaya ya John Steinbeck iitwayo The Grapes of Wrath, ambayo mimi huiita kwa Kiswahili Zabibu za Ghadhabu, na tangu hapo barua zimekuwa zikiletwa mezani kwangu hapa Iringa karibu kila wiki, nyingi zikitoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na kwa walimu wao. Kwa msomaji aliyelikosa toleo lile, riwaya hiyo ilichapishwa Marekani tarehe 14 Aprili 1939, nayo inasimulia habari za ukoo wa Joad, wakulima wa Oklahoma waliokuwa wamebaki wapangaji tu kwenye ardhi ya babu yao, ambao ukame, vumbi, madeni na matrekta yanawang'oa na kuwapeleka California kutafuta vibarua vya kuchuma matunda na pamba. Nimechagua barua sita. Baadhi ya zilizobaki zilikuwa zikiomba niwaandikie insha nzima, na hizo nimezirudisha kimyakimya kwenye bahasha zake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Uyole, Mbeya. Tuliulizwa tueleze ishara ya kobe katika riwaya hii. Niliandika kwamba kobe anawakilisha uvumilivu wa wakulima, nikapata alama 4 kati ya 10. Mwalimu wetu aliandika pembeni, "Endelea." Niendelee vipi, na nimeshataja anachowakilisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekutendea haki, kwa sababu ulichoandika ni kweli, ila umeufunga mlango mapema mno. Umelichukua jibu kabla hujamtazama kobe mwenyewe. Nakuomba urudi kwenye sura ya 3, ambayo ni fupi kuliko karibu sura zote za riwaya, uisome polepole kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuambia kuna ishara ndani yake.

Utaona nini? Utamwona kobe akiparamia tuta la barabara kwa shida, gamba likiburuzwa na miguu ikisukuma changarawe. Sisimizi mwekundu anaingia chini ya gamba, kobe anajikunyata, sisimizi anapondwa. Suke la nafaka ya porini linanaswa na mguu wa mbele na kubaki limebanwa humo. Kobe anaingia kwenye lami. Gari la kwanza linaendeshwa na mwanamke wa makamo, ambaye anamkwepa hata nusura apinduke. La pili ni lori dogo, na dereva wake anapomwona kobe anageuza usukani makusudi ili amkanyage. Gurudumu linaugusa ukingo wa gamba, kobe anarushwa akizunguka kama sarafu na kuanguka kando ya barabara chali. Anakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha mguu wake unapata jiwe la kushika, na taratibu anajigeuza. Hapo ndipo lile suke linapochomoka, mbegu tatu zinajichomeka ardhini, na gamba lake linapopita juu yake linazifukia kwa udongo.

Sasa pima neno "uvumilivu" dhidi ya hayo yote. Linatosha kwa kule kupanda tuta na kule kujigeuza. Lakini litaeleza nini kuhusu mbegu? Kobe amepanda bila kujua kwamba anapanda, na hatakuwapo siku ya kuvuna. Litaeleza nini kuhusu dereva wa lori, ambaye hana ugomvi wowote na kobe na hapati faida yoyote kwa kumgonga? Ukishamwona dereva huyo vizuri, utamkumbuka ukifika sura ya 5, pale kijana wa jirani anapoendesha trekta na kuibomoa nyumba ya watu anaowafahamu kwa sababu analipwa dola 3 kwa siku. Na litaeleza nini kuhusu mwanamke aliyemkwepa, ambaye wanafunzi wengi humsahau kabisa? Bila yeye dunia ya riwaya ingekuwa ya ukatili mtupu, na kumbe Steinbeck ameweka njiani, sura hadi sura, watu wanaokwepa na watu wanaogonga.

Halafu mfuate kobe. Mhusika mkuu, Tom Joad, aliyetoka gerezani kwa msamaha wenye masharti baada ya kutumikia miaka 4 kwa kosa la kuua mtu ugomvini, anamwokota kobe katika sura ya 4 na kumfunga ndani ya koti lake ili akawape zawadi wadogo zake. Anafika nyumbani, anaikuta nyumba imesukumwa kona na wenyewe hawapo. Zawadi haina wa kuipokea. Anamwachilia kobe, naye anashika njia ileile aliyokuwa nayo mwanzo, kusini-magharibi. Huko ndiko ukoo wote utakakoelekea kurasa chache mbele.

Niliwahi kuona jambo la namna hii kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa kwenye basi la kwenda Mbeya, tulipofika maeneo ya Igawa wakati wa masika. Dereva wa lori la mizigo ya Zambia alikuwa amesimama, akateremka, akamwinua kobe kutoka katikati ya barabara kwa mikono miwili na kumweka pembeni taratibu, abiria tukampigia makofi. Tatizo ni kwamba alimrudisha upande aliotoka. Lori halijaondoka, kobe alikwisha geuka na kuanza kuivuka upya barabara ileile. Huruma ya dereva ilikuwa ya kweli, lakini hakumuuliza kobe anakokwenda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma Tom na koti lake kwa jicho jingine.

Kwa hiyo endelea hivi: andika kobe anafanya nini, nani anamgusa, anatokea tena wapi, na kitu gani kimebadilika anapotokea tena. Maana itajileta yenyewe. Nilipokuwa nikifundisha niliwahi kulipiga marufuku neno "anawakilisha" kwa muhula mzima. Darasa zima likahamia kwenye "anasimamia", nikashindwa. Wewe jaribu kuanza sentensi yako kwa kitenzi cha kobe mwenyewe, uone kama mwalimu wako ataandika tena "Endelea."

SWALI: Mwalimu mwenzangu, salaam. Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari wilayani Mufindi. Wanafunzi wangu wanaziruka sura zisizowataja akina Joad, wakisema hazina hadithi. Je, niwaruhusu? Pili, dhamira kuu hasa ni ipi: unyonyaji, ardhi au mshikamano?

JIBU: Usiwaruhusu, ingawa nakiri kwamba mimi mwenyewe nilipoisoma riwaya hii mara ya kwanza niliziruka. Riwaya ina sura 30, na kama nusu yake ni sura hizo fupi zinazosimulia habari za umma wote bila kutaja ukoo wowote: vumbi, uuzaji wa vyombo vya ndani, misururu ya magari mabovu barabarani, kambi, mafuriko. Waambie wanafunzi wako wazichukue kama sauti ya wanaoitikia katika wimbo wa kwetu. Ukoo wa Joad ni mwimbishaji, anaimba mstari wake mmoja, na sura fupi ni umma unaoitikia. Anayeondoa kiitikio hawezi kusema ameusikia wimbo.

Tena dhamira nyingi zimezaliwa humo humo. Katika sura ya 5 wenye mashamba wanafika na magari yao kuwaambia wapangaji kwamba wahame, na kila mmoja anajitetea kwamba si yeye, ni benki, na benki si mtu, ni dude linalopumua faida na kula riba, likikosa linakufa. Wahenga walituachia methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeitumia darasani mara nyingi hapa, kwa sababu inafungua jambo ambalo wahakiki wengi hulizungusha: uchungu wa wakulima hawa ni kwamba zimwi lililowavamia haliwajui. Mwenye shamba wa zamani aliyekuwa akipita na farasi alimjua babu, alijua mtoto yupi anaumwa, na hata akidhulumu alikuwa akibakiza. Benki iliyoko Mashariki haina sura ya mtu ambayo ungeweza kuiangukia miguuni. Mkulima mmoja anaponyanyua bunduki anauliza ampige nani, na dereva wa trekta anamhesabia ngazi za wakubwa mpaka mkulima anachoka, kwa kuwa huenda hakuna wa kupigwa kabisa.

Kuhusu dhamira kuu, mimi sipendi kuzipanga kama washindi wa mbio, wa kwanza, wa pili na wa tatu, hata kama mitihani yetu inapenda. Ukitaka uzi mmoja wa kuushika, shika ule wa "mimi" kugeuka "sisi", uliotajwa wazi katika sura ya 14, na uutazame kwenye vitu vidogo. Mfano ninaoupenda uko katika sura ya 26. Ukoo mzima umechuma mapichi kutwa kwa senti 5 kwa boksi, Mama Joad amekwenda kwenye duka la shambani ambako kila kitu ni ghali, fedha zimekwisha na bado hajapata sukari ya kahawa. Karani wa duka, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akiwakebehi wateja kwa sababu naye anamwogopa mwajiri wake, anatoa senti 10 mfukoni mwake na kuziweka kwenye droo ya fedha. Mama anasema kwamba amejifunza jambo moja, kwamba ukiwa na shida uende kwa maskini, kwa kuwa hao ndio watakaosaidia. Unyonyaji na mshikamano vimekutana juu ya kaunta moja, kwa sukari ya senti 10. Mwanafunzi akilieleza tukio hilo vizuri hatahitaji kuorodhesha dhamira.

Kwa wanafunzi wa Mufindi na Njombe kuna mlango mwingine ulio wazi, nao ni lumbesa. Mtoto aliyemwona baba yake akijaza viazi kwenye gunia, kisha akashonewa kilemba cha kamba juu yake na kuambiwa kwamba hilo bado ni gunia moja, atazielewa mizani za sura ya 27 bila msaada wako. Huko wachuma pamba hutia mawe mifukoni kwa kuwa mizani imechezewa, na mwenye mizani huichezea kwa kuwa mifuko ina mawe, na mwandishi anakataa kusema nani alianza. Waulize watoto nani alianza lumbesa, kisha uwape muda wabishane.

SWALI: Mimi si mwanafunzi. Ni mkulima wa mahindi na alizeti, Isimani, nina umri wa miaka 71. Mjukuu wangu anayesoma chuoni Mkwawa alinisimulia kitabu hiki jioni tatu mfululizo. Nilimwambia kwamba hiyo ni habari yetu ya mwaka 1971 na ile ya Operesheni Vijiji. Yeye anasema kitabu cha Wamarekani hakiwezi kulinganishwa na mambo yetu. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, nyote wawili mna haki, na ningependa jioni ya nne mlisogeze jambo hili hatua moja mbele.

Haki yako ni kwamba mtu aliyehamishwa anajua kitu ambacho kitabuni hutafutwa kwa tochi. Katika sura ya 10, usiku wa kuamkia safari, Mama Joad anakaa peke yake na kisanduku cha barua, picha na vikorokoro vyake. Anatoa hereni ndogo za dhahabu na vitu vichache vya kubaki navyo, kisha kisanduku na barua zote anaviweka kwenye moto. Hakuna anayemwona. Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1974 tulipohamia kijiji kipya, na ninachokikumbuka kuliko lori lililotubeba ni mama akiyapangusa majivu mafiga yake matatu na kuyafunga kwenye kitenge. Mawe yalikuwa tele kule tulikokuwa tunakwenda. Baba alimwambia hivyo, naye hakujibu. Tulipofika aliyatega, akapika ugali, ndipo akaanza kuuliza choo kiko wapi. Nikiulizwa ishara ni nini, huwa nayakumbuka mawe yale kabla ya fasili yoyote ya kitabu. Yalikuwa ni mawe ya kuinjikia chungu, na ndiyo maana yaliweza kubeba mengine yote.

Haki ya mjukuu wako ni kwamba mambo yanayofanana kwa sura yanaweza kuwa na mizizi mbalimbali, na mhakiki anayefunika tofauti hizo anaipoteza riwaya na historia kwa pamoja. Akina Joad waliondolewa na deni na soko, wakatupwa barabarani bila kuonyeshwa pa kwenda, isipokuwa kwa vikaratasi vya matangazo vilivyowaita wachumaji wengi kuliko kazi zilizokuwapo. Sisi tulihamishwa na serikali yetu wenyewe, kwa jina la Azimio la Arusha na siasa ya ujamaa, tukapelekwa mahali palipopimwa na kuahidiwa shule, zahanati na bomba la maji. Ahadi hizo zilitimizwa wapi na zilikwama wapi ni mjadala mwingine, lakini zilikuwapo. Tazama pia trekta. Kule Oklahoma trekta ni mkono wa benki, na sura ya 11 inalieleza kuwa linapozimwa usiku linakufa kama chuma chochote, tofauti na farasi ambaye hata akiwa zizini unasikia pumzi yake na kutafuna kwake. Kule Isimani miaka ya 1960, kama wewe unavyokumbuka kuliko mimi, trekta lilikuwa la mkulima aliyefanikiwa mwenyewe, fahari ya mlango wake. Mwanafunzi wa Iringa atakayeandika kwamba trekta ni ishara ya udhalimu, pasipo kueleza ni trekta la nani na linalima shamba la nani, atakuwa amenakili Oklahoma bila kutazama dirishani.

Umetaja mwaka 1971, na sote tunajua unachokikusudia. Siku ya Krismasi ya mwaka huo Mkuu wa Mkoa wetu, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa huko huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Kwa upande wa riwaya za Kiswahili, mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo mhusika Tumaini anamuua kiongozi wa serikali katika mzozo wa kutaifishwa kwa mashamba, naye anahukumiwa kifo. Sisemi kwamba Kezilahabi aliandika kuhusu Isimani. Ninachotaka mjadiliane na mjukuu wako ni lile swali la bunduki. Mkulima wa Oklahoma anaishusha yake kwa kuwa hamwoni wa kumpiga. Tumaini anamwona, ana jina na cheo. Je, msiba upi ni mkubwa zaidi, wa adui asiye na uso au wa adui ambaye unaweza kumsalimia? Mimi nimekaa na swali hilo miaka mingi na jibu langu limebadilika mara mbili.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa wewe ni mzee na utalipokea bila kukasirika. Wakulima wa Oklahoma wanadai ardhi ni yao kwa sababu babu zao waliilima, wakazaliwa na kufa juu yake, na kwa sababu hao babu waliwaua na kuwafukuza Wahindi Wekundu waliokuwa hapo kabla yao. Sababu hiyo ya mwisho inasemwa hivi hivi tu, bila haya, katikati ya sababu nyingine nzuri. Msomaji akiipita bila kusimama, amewahurumia akina Joad kwa urahisi mno.

SWALI: Mwalimu, natafsiri baadhi ya sura za riwaya hii kwa mazoezi ya chuo, mimi ni mwenyeji wa Makambako. Watu wa California wanawaita wageni hawa "Okie". Je, nilitafsiri "wahamiaji"?

JIBU: "Wahamiaji" ni neno safi mno, halichomi. Riwaya yenyewe inaeleza kwamba zamani neno hilo lilimaanisha tu mtu wa Oklahoma, kisha likageuka kuwa tusi la kumwita mtu takataka. Ni jina lililobaki kama lilivyo, maana yake ikaoza ndani.

Wewe unatoka kwenye njia ya watu wenye neno linalokaribiana nalo. Enzi za mkoloni vijana wa Ubena na Ukinga walikuwa wakiandikishwa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, nao wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alipewa namba na namba hiyo ndiyo iliyoitwa asubuhi. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na hata uzeeni, ukimwita manamba kwa utani, alikuwa akinyamaza kwa siku nzima. Neno hilo lina ile harufu ya tusi lililoanza kama taarifa. Lakini siwezi kukushauri uliweke moja kwa moja, kwa kuwa manamba alikuwa na mkataba na tarehe ya kurudi kwao, na Okie hana vyote viwili. Acha "Okie" kama lilivyo, halafu mpe msomaji wako nafasi ya kulisikia likitamkwa na mtu mwenye dharau kabla hujalieleza. Mwandishi naye hakulieleza kwa sauti yake mwenyewe: akina Joad wanalisikia kwa mara ya kwanza njiani, midomoni mwa mtu aliyekwisha kwenda California na sasa anarudi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama na mwalimu huko Tukuyu. Ukurasa wa mwisho umenishinda kuusoma mbele ya wanafunzi. Binti aliyejifungua mtoto mfu anamnyonyesha mwanamume mzima asiyemfahamu. Je, niuruke? Na kama kuna ishara, mbona naona aibu tu?

JIBU: Marahaba, Mama. Aibu yako si kosa la usomaji; ni sehemu ya usomaji. Mhariri wa Steinbeck mwenyewe alimwomba aibadilishe tamati hii, naye akakataa.

Ushauri wangu ni kwamba usiisome peke yake. Soma sura yote ya 30 kwa mfululizo, mvua ikinyesha, watu wakijenga boma la udongo usiku kucha kuzuia maji yasiingie kwenye mabehewa wanamoishi. Wewe wa Tukuyu huhitaji kuelezwa mvua ya namna hiyo. Mtoto anazaliwa mfu. John, nduguye Baba Joad, anapewa kisanduku cha matofaa chenye mwili wa mtoto akauzike, lakini anakiweka mtoni na kukiambia kiende kikawaeleze watu wa mjini. Darasa lako linaijua Biblia, na kabla hujasema neno mtu atanyoosha mkono na kumtaja Musa katika kisafina cha mafunjo. Mwache aseme, kisha muulize kimegeuzwa nini. Musa aliwekwa kwenye maji ili aishi na kuwakomboa watu wake. Mtoto huyu hana hata jina, na ujumbe wake ni kuoza kwake. Ukoo huu umevuka jangwa kama wana wa Israeli na kuikuta nchi ya ahadi ambayo, katika sura ya 25, inamwagia machungwa mafuta ya taa ili bei isishuke, na walinzi wanasimama mtoni wenye njaa wasiopoe viazi vilivyotupwa humo. Steinbeck hutumia Biblia hivyo: anachukua umbo lake, kisha analigeuza lichome.

Ndipo darasa lifike ghalani, ambako akina Joad wanakwenda kujikinga na mafuriko. Kuna mwanamume aliyekuwa akimpa mwanawe chakula chote mpaka mwenyewe hawezi tena kumeza kitu kigumu, na kuna binti mwenye maziwa yasiyo na mtoto. Mama Joad na bintiye wanatazamana, na binti anasema ndiyo. Kumbuka huyu ndiye Rose of Sharon ambaye safari nzima alikuwa akijifikiria yeye, mimba yake na mume wake aliyemtoroka. Mama, wewe unajua kuliko mimi maziwa yanavyouma kifuani mtoto asipokuwapo. Anza hapo, kwenye maumivu ya mwili, uwaeleze kwa lugha ya staha, na usiwaambie haraka kwamba ni "ishara ya matumaini". Binti anatazama upande mwingine na kutabasamu kwa namna isiyoelezeka, na kitabu kinakatika. Wavulana wakicheka wape dakika moja ya kucheka. Katika uzoefu wangu huwa haiishi hiyo dakika.

SWALI: Mwalimu, nipo Chimala. Kitabu ni kikubwa na mtihani uko karibu. Nina filamu yake kwenye simu. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Filamu ya mwaka 1940 ni nzuri, ila imebadilisha mpangilio: kambi ya serikali yenye maji na vyoo safi imewekwa baada ya shamba la mapichi, ili mambo yaonekane yakielekea kwenye unafuu, na lile ghala la mwisho halimo kabisa. Ukijibu mtihani kwa filamu, msahihishaji atakujua kwenye aya ya pili. Kama muda ni mfupi, anza na sura ya 1, ambamo wanawake wanawatazama wanaume wao mbele ya mahindi yaliyokauka ili wajue kama watavunjika, kisha uende moja kwa moja sura ya 29, ambamo wanawake wanawatazama tena wanaume hao, safari hii mbele ya mafuriko. Linganisha nyuso za wanaume katika sura hizo mbili, na uangalie lini hofu imegeuka ghadhabu. Sura zote mbili unaweza kuzimaliza jioni moja, hata kwa taa ya simu hiyohiyo.